Silinda namba tatu na namba sita

Mwanzoni mwa Julai nilikuwa narudi Arusha kutoka Moshi, na gari langu likaanza kumisi mara tu nilipovuka daraja la Kikafu na kuanza kupanda kuelekea Boma Ng'ombe. Kwenye tambarare lilikuwa limetulia kabisa, lakini nilipokanyaga mafuta mlimani likawa linashtuka, linakohoa kwenye ekzosi, na harufu ya petroli isiyoungua ikaingia hadi ndani. Nilipolegeza mguu lilitulia tena. Nilifika Usa River kwa mwendo wa kubembeleza, malori ya mchanga yakinipita moja baada ya jingine.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, niliyoachiwa na baba mdogo. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) na distribyuta ya pointi, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi kwa zamu, kikitumia vidato vidogo vinavyofunguka na kufunga. Haina kompyuta wala taa ya kumwambia dereva kwamba injini ina tatizo. Watu wa rika la baba mdogo wanaifahamu bila kuelezwa, kwa sababu gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, enzi ambazo mashindano hayo yalikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima. La kwangu halijawahi kushinda chochote.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alifungua plagi mbili, akaziona zimelowa na zina masizi, akatamka papo hapo kwamba kabureta zinamwaga mafuta. Hoja yake haikuwa ya kubuni. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 15 hivi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa pwani ikipandishwa huku huendelea kutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi hupata masizi. Akakaza nati zilizo chini ya kabureta zote mbili ili kupunguza mafuta, bila kuhesabu mizunguko aliyoikaza, na gari likarudi nyumbani likiwa baya kuliko lilivyokwenda. Simlaumu peke yake. Mimi nilikuwa na haraka, na jibu la haraka lilinifurahisha. Ila sote wawili tulisahau kwamba silinda isiyowaka, kwa sababu yoyote ile, hulowesha plagi yake kwa petroli ambayo haikupata moto, kwa hiyo plagi iliyolowa inaonyesha mahali penye shida tu na haisemi chanzo chake.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye gereji maeneo ya Unga Limited, ambaye tangu ujana wake amefanya kazi na injini za pointi. Nilifika asubuhi yenye ukungu, na kwa kuwa gari lilikuwa limelala nje, siku hiyo lilikuwa linamisi hata likiwa limesimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Ni silinda ipi inayomisi?"

Nilimjibu kwamba sijui, ila nimeambiwa ni kabureta.

"Kama hujui ni ipi, basi hatujaanza."

Aliliacha lipoe, kisha akachukua bomba la sindano lililojaa maji, akaniambia niwashe injini. Kwenye injini hii mabomba ya kutolea moshi yamejificha chini ya yale ya kuingizia hewa, na mkono haufiki vizuri, ndiyo maana alitumia sindano. Baada ya dakika moja hivi akaanza kudondosha tone moja moja kwenye kila bomba, kuanzia mbele. La kwanza lilichemka na kupotea, la pili vilevile. Kwenye namba tatu tone lilikaa, likateleza taratibu na kudondoka chini likiwa bado maji. Nne na tano zilichemka. Namba sita ilitoa mvuke kwa uvivu, kama sufuria iliyosahauliwa kwenye makaa yanayozimika. Ili kuhakikisha, alichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpini wa mpira, injini ikiwa inaunguruma. Kila alipochomoa waya wa silinda nzima injini ilizama, lakini alipochomoa ule wa namba tatu haikubadilika hata kidogo.

Hapo ndipo mzee aliponipa somo ambalo ningelilipia. Alichora kwa chaki sakafuni namba sita, kisha akauliza ni kitu gani kinachoziunganisha tatu na sita. Kabureta ya mbele hulisha silinda ya kwanza hadi ya tatu, na ya nyuma hulisha ya nne hadi ya sita, kwa hiyo kabureta moja mbovu ingeharibu silinda za upande wake, isingechagua moja huku na moja kule. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba juu ya silinda, ikiungua kati ya silinda mbili, huwa ni mbili zinazopakana, kwa mfano tatu na nne. Tatu na sita haziko jirani kwenye injini. Lakini zamu za kuwaka za injini hii ni 1-5-3-6-2-4, na juu ya kifuniko cha distribyuta waya zimepangwa kwa kufuata zamu hizo. Huko tatu na sita zinakaa bega kwa bega.

Hakuishia kwenye hoja. Alihamisha plagi ya namba tatu kwenda namba moja, akabadilishana waya wa tatu na wa pili, na tatizo likabaki palepale. Akapima kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kiasi gani, zote sita zikasoma kati ya pauni 138 na 146 kwa inchi ya mraba. Kitabu cha gari kinataka zaidi ya 170, nami nikaanza kuhesabu kichwani gharama za ringi za pistoni, lakini alinituliza kwamba kwenye mwinuko wetu kipimo lazima kisome chini, na la muhimu ni kwamba zinakaribiana.

Tulirudi kwenye kifuniko jioni, giza lilipoingia. Alizima taa ya gereji, akapuliza maji kwa chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi, na hapo nikauona kwa macho yangu mstari mwembamba wa buluu ukirukaruka juu ya plastiki, kutoka mnara wa waya mmoja kwenda wa jirani yake. Kifuniko kilipofunguliwa, kwa ndani palikuwa na mchoro mweusi mwembamba kama wa penseli, usiofutika kwa ukucha. Ni kaboni. Umeme ukishavuja mara moja juu ya uchafu na unyevu, huunguza plastiki na kujitengenezea njia, na njia hiyo huzidi kuwa nzuri kila siku.

Hii pia ndiyo sababu mlima wa Kikafu ulilifichua tatizo na tambarare ikalificha. Unapokanyaga mafuta, silinda hujaa mchanganyiko zaidi na shinikizo ndani yake hupanda, hivyo cheche huhitaji volti kubwa zaidi kuruka kwenye plagi. Ikiwa pembeni kuna njia rahisi inayoelekea kwenye silinda ya jirani, ambayo wakati huo haijabanwa sana, umeme hupita huko.

Mzee alikwangua ule mstari kwa kisu, akapaka rangi ya kucha ya binti yake, na gari likanifikisha nyumbani bila kukohoa, ingawa alinionya kwamba dawa hiyo ni ya siku chache tu. Kifuniko kipya kilitoka Kariakoo, kikaja kwa basi. Muuzaji alitaka kwanza picha ya kile cha zamani na kipenyo chake, nami namsifu kwa hilo. Tulibadilisha na rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko, tukaseti nafasi ya pointi iwe nusu milimita.

Kazi iliyobaki ilikuwa kufuta ule "ukarabati" wa kwanza. Nati za kabureta tulizikaza hadi mwisho, kisha tukazilegeza mizunguko miwili na nusu kila moja, ambapo ndipo pa kuanzia kwa kabureta hizi, halafu mzee akazirekebisha kidogo kidogo kwa kusikiliza. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Moshi, nikageuza, na kupanda tena kutoka Kikafu kwa gia ya nne, mguu chini, madirisha wazi. Kilichosikika ni mlango wa nyuma tu, unaogonga kwa sababu mpira wake umechoka.