Usaili wa uimbaji: tafuta ki yako kabla ya kupanga foleni

Kosa linalowaangusha waimbaji wengi kwenye usaili hutokea kwenye neno la kwanza kabisa: wanaanza juu mno. Kwenye usaili wa wazi, kama ule wa Bongo Star Search, shindano la kuimba la Tanzania, mara nyingi unaimba bila kinanda wala gitaa, kwa hiyo hakuna wa kukupa ki, yaani noti ya msingi ambayo wimbo wote unaizunguka. Moyo unakwenda mbio, pumzi imepanda kifuani, na noti ya kwanza unaitoa toni nzima juu ya ile uliyoizoea nyumbani. Ubeti utapita salama kwa sababu uko chini. Kiitikio kikifika, sauti inakwama. Majaji watasema huna sauti, kumbe unayo, ila umeimba kwenye ki isiyo yako.

Dawa yake ni hesabu ndogo, na inauma kuona watu wenye vipaji wakirudishwa nyumbani kwa kutoifanya. Fungua programu ya kinanda kwenye simu. Imba "aa" ukipanda noti moja moja hadi ile ya juu kabisa unayoweza kuishika sekunde 4 bila kukaza shingo. Hiyo ndiyo dari yako. Kisha tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo wenyewe. Tuseme wewe ni mwanamume, dari yako ni F# (kitufe cheusi kilicho kati ya F na G) iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, na wimbo unafika A iliyo juu yake. Kutoka A kushuka hadi F# ni nusu toni 3 (nusu toni ni hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani, kiwe cheupe au cheusi). Ongeza nusu toni 2 kwa ajili ya woga, zinakuwa 5. Wimbo uliorekodiwa kwenye ki ya D, wewe utauimba kwenye ki ya A iliyo chini yake. Sasa angalia upande wa chini, maana noti za ubeti nazo zimeshuka nusu toni 5. Kama mtu aliyekaa mita 3 mbele yako hazisikii vizuri, wimbo huo haukufai kwa usaili, hata uwe unaupenda namna gani.

Ukishaijua ki, tatizo linalobaki ni kuikumbuka. Usiisikilize asubuhi ukategemea itakaa kichwani hadi saa nane mchana, kwa sababu kila anayefanya mazoezi karibu nawe anakuingizia ki yake. Wakibaki watu wawili mbele yako, weka simu sikioni, sikiliza noti yako ya kwanza, kisha iimbe kwa mdomo uliofumbwa, taratibu, mpaka mlangoni. Ukiingia, salimia, taja jina, vuta pumzi moja ya chini tumboni, halafu anza. Wengi huanza kuimba huku bado wanahema.

Mtihani mwingine wa kufanya nyumbani: rekodi wimbo mzima bila ala, kisha linganisha noti ya mwisho na kinanda. Ukikuta umeshuka nusu toni, mara nyingi chanzo ni pumzi iliyoisha mwishoni mwa mistari. Weka alama kwenye maneno utakapovutia pumzi, na usizibadilishe siku ya usaili. Waliokulia kwenye kwaya wana faida kubwa hapa, ila aliyezoea sauti ya pili, ile inayoisindikiza sauti kuu kwa noti nyingine, ana mtego wake: kiitikio kikianza, sikio linamvuta huko huko, na wimbo wenyewe unabaki hauna mwenyewe.

Muda nao haupo. Andaa sekunde 45. Wimbo wa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, wenye hesabu ya nne, yaani mapigo manne kwa kila kipimo, unatumia sekunde 21 hivi kwa kila vipimo 8. Kwa hiyo vipimo 8 vya ubeti na 8 vya kiitikio vinatosha. Acha "oo yeye" za mwanzo, maana hizo zilitungwa zifuate ala. Acha pia zile kona za sauti zilizotengenezwa na kompyuta studio. Koo likijaribu kuziiga huishia kuteleza nje ya ki. Na uwe na wimbo wa pili uliokamilika, wenye mwendo tofauti na wa kwanza. Jaji akiuliza "una mwingine?", mara nyingi ameona kitu na anataka kuhakikisha, na hapo kujikuna kichwa ni hasara kubwa.

Kuhusu koo: yai bichi, tangawizi na asali havigusi nyuzi za sauti. Unachomeza kinapita kwenye umio, nyuzi ziko kwenye njia ya hewa. Maji yanasaidia kwa kupitia damu, kwa hiyo anza kunywa kidogo kidogo tangu jana yake. Pipi za kufanya ganzi ziogope, kwa sababu zinaficha maumivu huku unaendelea kuumia. Pasha sauti dakika 10 kwa kutetemesha midomo, kisha nyamaza. Anayeimba kwa nguvu kwenye foleni tangu alfajiri huwa ameshatoa onyesho lake bora nje ya mlango.

Ukipewa maiki, shika mpini. Ukifumbata kichwa chake unaziba matundu yanayoisaidia kukataa sauti zinazotoka nyuma, na spika zinaanza kupiga mluzi. Iwe vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, na kwenye noti kubwa iondoe hadi kama sentimita 15.

Wanaoruhusiwa kuja na biti waje nayo kwenye flashi na kwenye simu, faili likiwa limeshapakuliwa. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, maana ikiita katikati ya ubeti muziki unakatika.

Kwa usaili wa bendi za dansi mambo hugeuka: ki ni ya bendi. Uliza mapema wanapiga nyimbo zipi, jifunze tatu, na ujue sauti ya pili ya kila kiitikio. Anayemfunika mwimbaji kiongozi kwenye kiitikio haitwi tena, hata akiwa na sauti nzuri kuliko wote.

Jaji akisema "inatosha", simama hapo hapo, hata katikati ya neno, ushushe maiki na umtazame. Mara nyingi ameshasikia alichokihitaji, na swali linalofuata ndilo linalotaka masikio yako.