Watu Sita wa Kwenda Wasini

Ami yangu alikuwa ameizuia mashua ya Shimoni kwa siku mbili nzima, na wageni wetu sita hawakuja.

"Wazungu nao siku hizi hawana ahadi," alisema huku akimimina kahawa. Nikaitikia. Linaloniuma mpaka leo ni hilo, kwamba niliitikia, na ilhali moyoni nilishaanza kushuku.

Ilikuwa Machi 2024, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Ofisi yetu ni chumba kimoja kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa. Kazi yetu ni kupeleka watu Wasini: gari hadi Shimoni, mashua hadi Kisite kutazama pomboo na kuogelea juu ya matumbawe, kisha chakula cha kaa kisiwani. Ami anaijua bahari. Barua pepe aliniachia mimi, mtoto wa nduguye, kwa sababu "wewe ndiye uliyesoma mambo hayo". Kusoma kwenyewe ilikuwa mwaka mmoja na nusu wa somo la biashara, nikaacha.

Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Wenyeji wangekuwa wamefunga, kwa hiyo tegemeo letu lilikuwa wageni wa bara na wa ng'ambo. Nikaamua kuwaandikia wote kwa mkupuo. Anwani nilizitoa pahali patatu: kitabu cha wageni, kopo la biskuti lililojaa kadi za watu, na flashi niliyouziwa na kijana mmoja mjini kwa shilingi 4,000. Flashi hiyo ilikuwa na anwani elfu saba za "wasafiri walio hai". Neno hilo "walio hai" lingetosha kunishtua, lakini ndiyo kwanza nikafurahi.

Nilituma Ijumaa, tarehe 23 Februari, kabla ya kwenda msikitini. Barua nzima ilikuwa picha moja kubwa ya mashua, maneno yote yamechorwa ndani ya picha, na kichwa chake kwa herufi kubwa tupu na alama tatu za mshangao. Niliporudi, barua zaidi ya elfu moja na mia tisa zilikuwa zimerudi, anwani hazipo, na ile programu ya kutuma barua kwa wingi ilikuwa imenifungia akaunti pamoja na onyo kali. Ami aliuliza, "Zimetoka?" Nikamwambia zimetoka. Sikusema uongo. Zilitoka.

Basi turudi kwa wale wageni sita. Siku ya tatu, mama mmoja Mjerumani akatufikia ofisini kwa miguu yake mwenyewe. Ametoka Diani, amevuka feri ya Likoni, amepanda tuktuk, uso umemwiva kwa jua na kwa hasira. Yeye ndiye aliyeulizia nafasi za watu sita. Akasema aliandika kwa adabu na hatukumjibu, ikabidi aende na kampuni nyingine, amekuja tu kutuambia kwamba si vizuri. Ami akasimama. Alimjibu siku ile ile! Nilimwona mimi mwenyewe akiandika, bei, saa ya gari, mpaka habari ya kofia na mafuta ya jua. Mama akatoa simu, akatafuta, hakuna. Nikamwomba, kwa sauti ndogo, afungue lile folda la spamu. Barua ya ami ilikuwamo, imekaa kati ya bahati nasibu na dawa za nguvu za kiume, na juu yake Gmail imeandika kwa Kijerumani, naye akatufasiria: inafanana na barua ambazo zimeshaonekana kuwa za takataka.

Sikupata kumwona ami ameaibika mbele ya mgeni kama siku ile. Alimpa mama yule kahawa na haluwa, wakaagana kwa wema. Aliponigeukia hakusema kitu, na mimi nikajifanya nafagia.

Usiku wa nne wa Ramadhani, baada ya tarawehe, nikamwita binamu yangu wa Kisauni, ambaye kazi yake ni seva, zile kompyuta zinazopokea na kupeleka barua. Alikuja na kaimati za mamake, akafungua kompyuta, na baada ya dakika tano akacheka.

"Nani kaweka SPF mbili hapa?"

Moja aliiweka fundi aliyetutengenezea tovuti. Ya pili niliinakili mimi kutoka maelezo ya ile programu. Kumbe domeni, yaani lile jina la tovuti na la anwani zetu za barua pepe, yapaswa kuwa na rekodi moja tu ya SPF, inayotaja seva zote zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Zikiwa mbili, seva inayopokea huhesabu kosa, na ni sawa na kutokuwa nayo kabisa. DKIM, ile sahihi inayotiwa kwenye kila barua, hatukuwa nayo. Wala DMARC, ile ya kuagiza barua isiyothibitika ifanywe nini. Na tangu Februari ile ile Google na Yahoo walikuwa wamekaza kamba: kila anayetuma awe angalau na SPF au DKIM, na anayepeleka barua elfu tano kwa siku kwenye Gmail awe nazo zote tatu, pamoja na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja.

Nilidhani ami atasinzia. Lakini ujanani alikuwa karani Bandari ya Kale, siku majahazi yanakuja na kaskazi, na karatasi anazijua.

"Ngoja," akasema. "Hiyo ya kwanza ni orodha ya manahodha niliowaruhusu kubeba mzigo wangu."

"Ndiyo, ami."

"Ya pili ni lakiri. Mtu akifungua mzigo njiani, itaonekana imevunjika. Na ya tatu ni maagizo yangu kwa forodha: ukija mzigo kwa jina langu, hauna nahodha wangu wala lakiri yangu, waufanye nini."

Binamu alimtazama kitambo. "Mimi ilinichukua mwezi kuelewa hivyo."

Akaziunganisha zile SPF zikawa moja, akatia ufunguo wa DKIM, akaweka DMARC katika hali ya kutazama tu kwanza, bila kuzuia kitu, ili ripoti zije tujue nani anatuma kwa jina letu. Nikavuta pumzi nikidhani yamekwisha. Ndipo akauliza lile nililokuwa nikiliomba lisiulizwe.

"Karatasi sasa ziko sawa. Lakini karatasi hazimzuii mtu kubonyeza kwamba hii ni takataka. Google hawataki malalamiko yafike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Orodha yako umeitoa wapi?"

Nikatazama kaimati. Ami akanitazama mimi. Nikasema yote: flashi, shilingi 4,000, zile zilizorudi, onyo. Binamu akanikumbusha kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwamba jina la mtu si mali ya kuuziana kwenye flashi. Lakini maneno yaliyonikata ni ya ami, naye hata sauti hakupandisha.

"Watu elfu saba hawanijui, nawe umewapigia hodi usiku kwa jina langu."

Zile elfu saba nilizifuta usiku huo huo. Kazi ikawa kitabu cha wageni. Ami hakutaka kufuta hata mmoja, kwani kila jina lilikuwa na uso. Tukakaa nacho usiku baada ya usiku. Huyu alitapika kutoka Shimoni hadi Kisite, hatarudi, mtoe. Huyu amekufa, mkewe aliniandikia. Hawa ndugu wawili walikula kaa kumi na mmoja. Mwandiko wa wengine haukusomeka, tukakisia, kisha binamu akatukataza kukisia, kwa sababu anwani ya kukisia hurudi, na kurudi ndiko kunakotuharibia jina. Tukabaki na 312.

Kwa hao niliandika upya. Picha hakuna. Maneno ya kawaida, kwamba pomboo wapo, kwamba ami bado yuko kichochoro kile kile, na je, wangependa tuwe tukiwaandikia? Mahali pa kujiondoa nilipaweka juu kabisa, si chini kwa herufi za sisimizi. Nikituma arobaini kwa siku, nangoja, natuma tena arobaini. Kwanza nilijaribu kwa simu za shangazi zangu, wa Gmail na wa Yahoo, nao wakawa wananipigia saa ya futari kunipasha habari: "Imeingia pazuri!" Watu walianza kujibu. Mmoja aliulizia paka wa ofisini, tena kwa jina.

Pasaka ilikuwa imepita siku nne binamu alipokuja tena kutazama zile ripoti. Akagundua kwamba barua za wageni huingia kwenye anwani ya domeni, kisha seva huzisukuma hadi Gmail ya ami. Kusukumwa huko huvunja SPF, kwa sababu seva inayosukuma haimo kwenye orodha ya aliyeandika.

"Ami, spamu yako mwenyewe umewahi kuifungua?"

Hakuwahi. Hakujua kama iko. Tukaifungua kwa simu yake, sote watatu tumeinama. Takataka nyingi, na ndani yake barua za watu. Moja ilikuwa ya familia ya Nairobi, watu tisa, wakiomba mashua ya Jumatatu ya Pasaka. Ya pili ilituomba tafadhali tujibu, kwa mara ya pili.

Ami akateremsha kidole mpaka mwisho wa orodha.

"Na za nyuma ya hizi?"

Binamu akamwambia Gmail hufuta spamu baada ya siku 30.

Akateremsha tena, kana kwamba chini yake pana chini nyingine. Kisha akarudi juu kwa ile familia ya Nairobi, akavaa miwani, akaanza kuwaomba radhi kwa kidole kimoja. Wakati wa daku ulipofika alikuwa bado yumo kwenye sentensi ya pili.