Daktari wa asubuhi, ugonjwa wa jioni

Naandika haya nikiwa bado na hasira kidogo, mnisamehe. Kwa miezi saba niliambiwa nina kiharusi, nina upungufu wa damu, nina mtu mbaya kazini, na mwishowe nina msongo wa mawazo. Nimechomwa sindano za vitamini B mpaka nikawa nakaa upande.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, Tanga. Ilianza na kope ya kushoto. Asubuhi kwenye paredi iko juu kama kawaida, mchana imeshuka kama shata ya duka. Kisha nikaanza kuona vitu viwili viwili. Darasa langu lina watoto 83, lakini kufika saa saba mchana walikuwa 166. Nikiandika ubaoni, mkono unateremka wenyewe: sentensi inaanza juu kushoto na kuishia chini kulia. Watoto walivyo na adabu, wakanakili na mteremko.

Kilichoniumbua hasa ni taya. Jumapili kwa mama mkwe, nyama ya kwanza naitafuna vizuri, ya tatu taya limechoka, ya tano nakishikilia kidevu kwa mkono kama mtu anayewaza madeni. Akaniambia, "Mwanangu, kama pilau halikufai sema tu."

Shangazi yangu ndiye aliyetangaza kiharusi. Akanichua uso kwa mafuta ya nyonyo wiki mbili. Nikamuuliza, shangazi, kiharusi gani hiki kinachoondoka usiku nikilala na kurudi mchana? Na mbona sina ganzi wala kuwaka moto popote? Akasema ni kiharusi kidogo. Nikanunua miwani, elfu themanini hivi au zaidi. Ikanisaidia kuwaona wale watoto 166 vizuri zaidi.

Kosa langu kubwa nililifanya mwenyewe. Nilipata U.T.I., nikaenda duka la dawa nikanunua antibiotiki iitwayo siprofloksasini bila cheti, kama tunavyofanya wengi wetu. Siku ya pili jioni chai niliyoinywa ikatokea puani. Shingo ikashindwa kubeba kichwa. Nililazwa siku nne, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa nameza nini, wala mimi sikujua kwamba ni la kusema.

Sasa nije kwenye barafu, maana hapa ndipo ninapojisifu.

Ilikuwa Februari, na jua la Tanga la Februari mnalijua. Narudi nyumbani jicho limefunga kabisa, nikakutana na binti wa jirani anauza barafu za ubuyu. Nikachukua moja, na badala ya kuila nikaifunga kwenye ncha ya khanga nikaibandika kwenye jicho, basi tu nipoe. Nikakaa barazani dakika mbili tatu. Nilipoiondoa, yule binti akanitazama akasema, "Mwalimu, jicho lako limefunguka!" Nikadhani ananitania. Nikawasha kamera ya simu: uso mwekundu kwa ubuyu, khanga imeharibika, lakini jicho wazi kama la asubuhi. Baada ya muda mfupi likashuka tena.

Usiku sikulala. Kesho yake nikaweka barafu kwenye paji la uso: hakuna kitu. Nikaweka juu ya kope: likafunguka. Keshokutwa nikaweka kitambaa cha maji moto: likazidi kushuka. Siku tatu, barafu nne, nyingine niliila.

Tatizo lilikuwa hili. Kliniki unapanga foleni alfajiri, unaonwa saa tatu, na saa tatu mimi ni mzima. Mara mbili nimeambiwa, "Mbona uko sawa, mama?" Safari hii mwanangu akanirekodi saa kumi na mbili jioni: jicho kabla ya barafu, jicho baada ya barafu, halafu nahesabu kwa sauti kuanzia moja mpaka sauti inahamia puani. Nikaenda na jioni yangu mkononi.

Daktari aliitazama video mara mbili bila kusema neno. Akaniambia nitazame dari nisishushe macho. Haikufika dakika moja, kope ikaanza kuteremka pale pale, asubuhi kweupe! "Nani alikufundisha kipimo cha barafu?" Nikamwambia ubuyu.

Kumbe inaitwa miasthenia gravisi. Neva zangu ni nzima na misuli yangu ni mizima. Kasoro iko pale zinapokutana. Neva hutuma ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kinga ya mwili wangu imechanganyikiwa inaharibu milango ya kuipokea kwenye msuli. Msuli ukitumika sana unachoka, ukipumzika unarudi. Baridi huchelewesha kimeng'enya kinachoivunja ile kemikali, ndiyo maana barafu ilifanya kazi. Vidonge vya piridostigmini hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Dawa za aina hii zilianza kujulikana kwa ugonjwa huu mwaka 1934, London, daktari Mary Walker alipompa mgonjwa wake fizostigmini, inayotoka kwenye maharage ya Calabar. Kutoka Nigeria, jamani, Afrika hii hii.

Nilipewa rufaa Dar. Kipimo cha damu cha kingamwili, picha ya CT ya kifua kuangalia tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kidari, maana wengine hukutwa na uvimbe hapo (mimi sikuwa nao). Nauli, vipimo na kulala kwa wifi, laki nane au zaidi, niliacha kuhesabu.

Piridostigmini nameza nusu saa hivi kabla ya chakula, ili taya liwe kazini nyama inapofika. Meza na kitu tumboni, biskuti hata moja. Mimi nilimeza tumbo tupu siku ya kwanza, nikalikimbia darasa la hisabati bila kuaga. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, nayo imenipa mashavu. Shangazi anasema mafuta ya nyonyo yamenikubali.

Kwenye pochi nina karatasi ya dawa za kuogopa, zinazoweza kuuzidisha ugonjwa huu: sipro na ndugu zake, jentamaisini, azithromaisini, kwinini, sindano ya magnesiamu. Kila anayeshika sindano anaisoma kwanza, na akinuna anune.

Na kila usiku nahesabu kwa pumzi moja, maana ugonjwa huu ukifika kwenye misuli ya kupumua unaua. Daktari ameniambia nikishindwa kufika 20 nisingoje asubuhi. Jana nimefika 41. Mwanangu anadai nimeruka 29 na 30, na rekodi ya simu yake inamuunga mkono.