Kimelea wa samaki, mwangalie akiwa mchanga

Jamani kuna kiumbe nampenda sana, anaitwa kopepodi, na najua wengi hamumjui ila mmeshamnywa, maana ukichota maji ya lambo huku Bahi au Chamwino kipindi cha mvua ukayaweka kwenye glasi ukaangalia kwenye mwanga utaona vidoti vinarukaruka, wengi wao ndo hao, ndugu zao kamba na kaa.

Hao wa lambo wanajitegemea. Ila karibu nusu ya aina za kopepodi zinazojulikana zinaishi kwa kutegemea wanyama wengine, na hapo ndo stori inanoga. Mcheki Lernaea, yule anayejichimbia kwenye nyama ya samaki wa maji baridi, perege wakiwemo. Jike akishakomaa ni kijiti tu, kichwa kimeota mapembe yanayomshikilia ndani ya nyama, mifuko miwili ya mayai inaning'inia nje. Kamba gani huyu? Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga viumbe kwa makundi, mwaka 1758 alimtupia kundi la minyoo na wala simlaumu. Waliokuja kumuumbua ni watoto wake, maana mtaalamu wa wanyama Alexander von Nordmann mwaka 1832 alionyesha kwamba vimelea wa aina hii wakitoka kwenye yai wanakuwa na kijicho kimoja katikati na jozi tatu za viungo vya kuogelea, yaani naupliasi, kitoto kile kile cha kopepodi wa lambo!

Sasa naupliasi wa wanaojitegemea kwa kawaida anajivua ganda mpaka apitie hatua 6, halafu anaingia kwenye ukopepodidi, yaani ujana wake kabla ya kukomaa. Lernaea ana 3 tu. Chawa wa samoni, nao ni kopepodi, wale wanaowatesa wafugaji wa samaki wa Norwei, wana 2. Na Salmincola, kopepodi mwingine kimelea wa samaki, ndo kiboko, utoto wa naupliasi karibu wote anaumalizia ndani ya yai, akitoka yuko tayari kunasa samaki.

Kwa nini? Mi naona jibu liko kwenye kiini cha yai. Mtoto wa Lernaea hali kitu, mama kamfungia masurufu humo, yakiisha kabla hajampata samaki basi, kwa hiyo kila hatua unayoipunguza njiani ni siku umeokoa. Ila msikimbilie kusema asiyekula lazima afupishe utoto, maana Euchaeta wa baharini anajitegemea, watoto wake nao wanaishi kwa kiini cha yai, na bado wanapitia zote 6. Na upande wa pili kuna Ergasilus briani, jike anakaa kwenye matamvua ya samaki lakini akishakuwa mkubwa tu, utotoni anaogelea na kula kama wengine, naye hatua zake 6 ziko pale pale. Kwa hiyo ukimelea wenyewe haukati utoto, kinachokata ni lini unaanza kumhitaji mwenyeji, yaani mnyama wa kumtegemea.

Na wa lambo msidhani wamelala (ingawa kiukweli wanalala). Kiangazi chetu hiki cha Mei mpaka Novemba lambo linabaki matope yaliyopasuka, sasa kuna kopepodi wanaotaga mayai magumu yanayongoja humo humo kwenye udongo, na wengine wa jamii ya saiklopi wanajificha kwenye tope wakiwa kopepodidi, ukuaji unasimama mpaka maji yarudi. Ndo maana mvua za Desemba zikishuka, baada ya muda mfupi lambo limejaa watu tena.

Halafu sasa kuna monstriloida, kundi la kopepodi wa baharini, hawa wamegeuza mambo yote. Naupliasi anaogelea, anampata mnyoo au konokono wa baharini, anaingia ndani ya mwili wake na kunyonya chakula humo, mtoto ndo kimelea! Akikomaa anatoka, anaogelea zake huru baharini, hana hata viungo vya kulia, kazi yake ni kuzaa tu basi. Mi nikiulizwa kopepodi gani kawazidi wenzake kwa ujanja namtaja huyu hata kabla ya Lernaea.