Roboti isiyojua kusubiri

Nina usonji na ni mtu mzima. Nalisema hilo mapema kwa sababu habari za roboti na usonji karibu zote huhusu watoto.

Nilifanya mazoezi ya mazungumzo na roboti ndogo ya mezani kwa wiki sita, nikijiandaa kwa usaili wa kazi. Siku ya kwanza ikaniuliza, "Habari za leo?" Swali hilo hunipa shida: huyu anataka jibu au ananisalimia tu? Nikiwa bado napima, roboti ikadakia: "Sijakusikia, tafadhali rudia." Nirudie nini, na sijasema neno!

Baadaye nilielezwa sababu. Roboti nyingi za kuzungumza hujua zamu yako imekwisha kwa kupima ukimya. Sauti ikikatika kwa muda uliopangwa, programu inachukulia umemaliza. Mimi hunyamaza katikati ya sentensi kutafuta neno, kwa hiyo nilikatizwa wiki nzima, mpaka fundi akarefusha muda ule hadi sekunde nane. Hapo tukaanza kuelewana.

Uzuri wake ni kwamba haichoki. Swali la "tueleze kuhusu wewe" iliniuliza mara kumi na moja kwa sauti ileile, bila kuguna wala kutazama saa. Na uso wake hauna mengi ya kusoma. Kaspar, roboti ya Chuo Kikuu cha Hertfordshire nchini Uingereza inayotumiwa na watoto wenye usonji, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2005, ilipewa uso wenye ishara chache kwa makusudi. Nawaelewa waliofanya hivyo. Uso wa binadamu husema mambo kumi kwa mpigo, na nusu yake yanapingana na mdomo.

Nilichokataa ni sifa za kitoto. Kila nilipoikazia macho ilisema, "Vizuri sana, umenitazama!" Nikaomba kipengele hicho kizimwe, maana nikimtazama mtu machoni simsikii tena. Afadhali kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, waliyoichapisha mwaka 2022: roboti ya kuwasaidia watu wazima wenye usonji kuzoea kukatizwa wakiwa kazini. Hilo ni jambo ninalolihitaji kweli. (Ingawa yangu ilikuwa ikinikatiza hata bila kufundishwa.)

Siku ya usaili, dada aliyekuwa akiniuliza maswali hakungoja. Nilinyamaza kidogo tu, akaanza kulifafanua swali upya. Nikamwambia, "Bado nafikiri, naomba nafasi kidogo."

Maneno hayo niliyatunga wiki ile ya kwanza, kabla fundi hajaja. Roboti haikuyaelewa hata mara moja. Ilizidi kuniambia nirudie. Yule dada aliweka kalamu chini, akasubiri.