Ua wa Ohlsdorf

Novemba 2011 nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjini Hamburg. Mumewe alizikwa Ohlsdorf, makaburi yaliyofunguliwa mwaka 1877, makubwa kiasi kwamba basi la abiria hupita ndani: karibu hekta 390. Jumapili ya kuwakumbuka wafu, ile ya mwisho kabla ya Majilio, aliniomba nimsindikize nimbebee ndoo na mkasi wa kukatia majani.

Alipiga magoti akawa anafuta jina la mumewe kwenye jiwe, herufi moja moja, kwa kitambaa cha jikoni. Nikatafuta neno la kumfariji. Nikamwambia lugha yenu imenena vizuri: makaburi mnayaita Friedhof. Friede ni amani, Hof ni ua. Mzee amepumzika kwenye ua wa amani.

Akatikisa kichwa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kijerumani, na hata pale hakuweza kuliacha kosa lipite. Akanionyesha kijiuzio cha miti kilichozunguka kaburi. "Hiki tunakiita Einfriedung," akasema. Neno la kale, akanieleza, lilikuwa frithof, uwanja uliozungushiwa mbele ya nyumba au kanisa, na shina lake ni kutunza, kuhifadhi. Lingefuata njia yake lingekuwa Freithof, na kweli kusini, Bavaria na Austria, wapo wanaotamka hivyo. Kwingine shina lile lilisahaulika, watu wakasikia Friede ndani yake, wakalivutia huko. Mimi sikuona ubaya. Aliyemzika mtu wake husikia amani, hasikii uzio.

"Na kwenu Hof ni nini?"

"Ua."

"Na uzio?"

Nikasita. Ua vilevile. Kwetu mtu hukaa uani, na ua huohuo ukianguka huitwa fundi kuusimamisha. Kumbe Kiswahili kilikuwa kimeshikilia siku zote kile ambacho Wajerumani walikipoteza.

Kisha nikaona waridi jeupe mkononi mwake. Nikamwambia hilo nalo ni ua; ila hili ni ua la, ule ni ua wa. Neno la tatu la sauti hiyo, la kutoa roho, sikulitaja mbele ya kaburi.

"Ua la, ua wa," akarudia polepole, kama mwanafunzi. Akalichomeka waridi ardhini. Tukaendelea kupunguza uzio mpaka saa kumi, giza likaanza kuingia.