Jiwe la mjomba na vipande 365

Mjomba wangu anapasua mawe Igogo, hapa Mwanza, mlimani juu kabisa, pale ambapo ukigeuza shingo tu unaliona ziwa. Jumapili moja nilimkuta amekalia jiwe la mviringo, anakunywa chai. "Mwangaluka, mjomba," nikamwamkia. Akaitikia, na badala ya kunikaribisha chai akaligonga jiwe kwa tindo. "Mjomba, wewe si mtu wa kompyuta? Hebu niambie, hili litatoa vipande vingapi?"

Vipande anavyosema ni vile vya kutandika chini, sentimita 10 kila upande, michemraba kamili. Kuna mteja anataka kupamba uani kwake. Mjomba akishataja bei harudi nyuma, kwa hiyo alitaka hesabu kabla ya nyundo.

Tukalizungushia kamba kiunoni, ikatoka mita tatu na ushee, yaani kipenyo cha mita moja. Kwa jiwe la porini lilikuwa tufe la kuridhisha. Mawe ya Mwanza ndivyo yalivyo, hata lile la Bismarck, lililosimama ziwani, linalopigwa picha na kila mgeni. Watu hudhani yaliviringishwa na maji. Sivyo. Mwamba wa matale ulipasuka kwa nyufa zilizokatana, ukawa kama rundo la masanduku, kisha maji yakapenya na kuula taratibu. Kona huliwa upesi kwa kuwa hushambuliwa kutoka pande tatu. Sanduku likaisha likawa mpira. Sasa mimi na mjomba tunataka kuurudisha mpira kuwa masanduku.

Nikarudi nyumbani, nikafungua laptop na kuandika programu fupi kwa Python. Wazo lilikuwa jepesi: chora gridi ya michemraba, weka tufe juu yake, pitia mchemraba mmoja mmoja, uliopo ndani uhesabu. Jibu: 552.

Nilifurahi kwa dakika mbili hivi. Halafu nikapiga hesabu ya ujazo: hata ukilisaga jiwe zima likawa uji, halifikishi vipande 524. Programu ilikuwa imeniuzia mawe ambayo hayapo! Kosa lenyewe la kitoto: nilikuwa nauliza kama kitovu cha kipande kimo ndani ya jiwe, kona nikazisahau. Kipande kinaweza kuwa na tumbo ndani huku kona zake nje zikipigwa upepo wa ziwa. Swali sahihi ni moja tu, kona iliyo mbali zaidi na kitovu cha jiwe iko umbali gani? Ni Pythagoras yuleyule wa sekondari, ila kwa pande tatu. Ukichukua upande wa kipande kuwa kipimo kimoja, nusu kipenyo cha jiwe ni 5, kwa hiyo miraba ya umbali wa kona hiyo kwa pande zote tatu ikijumlishwa isizidi 25. Nikasahihisha. Ikatoka 304.

Kutoka 552 hadi 304 ni anguko. Asilimia 58 tu ya jiwe! Nilikwenda kumwambia mjomba kwa unyonge, nikamwonyesha mchoro kwenye skrini. Akautazama kidogo, akauliza, "Mbona umeanza kulipasua katikati?"

Sikuelewa mara moja. Gridi yangu ilikuwa na mstari unaopita katikati kabisa ya jiwe, kama mtu aliyeligawa nusu kwa nusu ndipo akaanza kukata mabamba. Ukifanya hivyo unapata mabamba kumi, lakini la kwanza na la mwisho ni vifuniko vya duara ambavyo havitoi hata kipande kimoja. Yanabaki manane. Mjomba huanza kwa bamba linalokaa katikati, nusu huku nusu kule. Anapata tisa, na yote yana kitu. Nikaisogeza gridi nusu kipande kwa kila upande, namba moja tu kwenye programu, nikabonyeza. 341. Jiwe ni lilelile, kipande ni kilekile. Vipande 37 vimetoka kwenye kusogea sentimita tano!

Usiku huo sikulala vizuri, nilitafuta fomula ya mkato na sikuipata. Gauss mwenyewe, yule gwiji wa hisabati wa Ujerumani, alihesabu nukta za gridi ndani ya duara bapa, na swali la jinsi kosa la makadirio linavyokua duara linapopanuka halijafungwa hadi leo. Nikaona basi, mimi ni nani.

Hatua ya mwisho niliipata kwa kukaa na kutazama. Mjomba hapasui jiwe kwa gridi. Hukata bamba, bamba akalikata mikanda, na kila mkanda anaanza kuukata vipande kutoka kwenye ncha yake mwenyewe. Hajali kama mkanda wa jirani umelingana nao. Mimi nilikuwa nimeifunga mikanda yote kwenye mstari mmoja, kwa hiyo mkanda wenye nafasi ya vipande 8 ulikuwa unapewa 7, kwa ajili ya usafi wa mchoro tu. Nikaiachia iteleze. 365, karibu asilimia 70. Kama kuna anayeweza kuinamisha baadhi ya michemraba akapata zaidi, simkatalii, lakini asije kumwambia mjomba ainamishe tindo.

Kazi yenyewe ilichukua karibu wiki mbili. Jiwe lilikuwa na mshipa ambao programu haikuujua, ukapita pembeni na kuvunja mabamba mawili vibaya. Na kabari haikati kama wembe, kila mpasuko unakula kidogo. Tulihesabu pamoja jioni ya mwisho: 231. Yaliyobaki akayaponda kokoto, akauza kwa karai. Mteja alikuwa ametajiwa bei ya vipande 220, namba ambayo mjomba aliitoa kichwani siku ileile ya chai, na hakuniambia hadi hela ilipoingia.

Sasa kanionyesha jiwe jingine, nyuma ya choo. Lina umbo la yai.